Usiku wa Serbia: splav, kafana, au uende zako Novi Sad?

Wengi wanaopanga safari ya Serbia ili wakale bata wameshasikia habari moja tu: klabu zinazoelea juu ya maji Belgrade, ziitwazo splav. Zipo, na sifa zake si za kubandika. Shida ni kwamba mgeni hutua Ijumaa jioni, akaenda huko saa nne usiku bila kuweka nafasi, akakuta wahudumu wanafuta glasi na ukumbi mtupu, akarudi hotelini akiamini kaingizwa mjini. Kumbe aliwahi kwa saa tatu, tena pengine hakuwa mtu wa mahali pale tangu mwanzo.

Kwa mwenye haraka, hukumu yangu ni hii. Ukiwa na usiku mmoja tu Belgrade, nenda kafana, yaani mgahawa wa kienyeji wenye muziki. Mkiwa kundi, mna usiku wa pili, na ni kati ya Mei na Septemba, huo wa pili nendeni splav. Ukiwa peke yako na unapenda kuzungumza na watu kuliko kupigiwa kelele sikioni, panda treni uende Novi Sad, mji wa kaskazini. Usiyekunywa pombe usikate tamaa, nimekuwekea sehemu yako hapo chini, na si ndogo.

Saa ninazotaja ni za Kiswahili. Kwenye matangazo ya Kiserbia saa sita usiku utaikuta imeandikwa 00, na saa tano ni 23.

Splav: raha ya kundi, si ya mpweke

Splav ni jengo lililosimamishwa juu ya vyelezo, likafungwa ukingoni mwa mto, na wewe unaingia kwa daraja jembamba. Belgrade imekaa pale mto Sava unapomwagikia kwenye Danube, na splav zimejipanga kwenye mito yote miwili: nyingine kwenye Sava upande wa Novi Beograd (Belgrade Mpya), nyingine kwenye Danube kuelekea Zemun. Si zote ni klabu. Zipo za kuuza samaki na zipo za kahawa ya mchana. Kwa hiyo usimwambie dereva "nipeleke splav" halafu ukae kimya, mtajie jina.

Jambo la kuuliza kabla ya yote ni muziki wa usiku huo. Splav moja yaweza kuwa na bendi Ijumaa na DJ wa house Jumamosi. Zinazojaza Waserbia wenyewe kuliko zote ni zile za pop-folk, ule muziki uliovuma kwa jina la turbo-folk miaka ya 1990: sauti ya kuvuta ya Kibalkani juu ya midundo ya kompyuta, maneno ni mapenzi na usaliti, na ukumbi mzima unaimba kila mstari. Mgeni asiyejua wimbo hata mmoja hufurahia dakika ishirini za kwanza, kisha hubaki anatazama. Anayetaka elektroniki aulizie kama bado ipo splav iitwayo 20/44, iliyopewa jina kutokana na longitudo na latitudo za mji.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo wageni wanapokwama. Kwa kawaida hakuna kiingilio, lakini lazima uwe umeweka nafasi. Unatuma ujumbe kwa simu au Instagram, nao wanakuuliza mko wangapi, wanaume wangapi na wanawake wangapi. Swali hilo si la adabu tu: kundi la wanaume watupu ndilo linaloambiwa mapema kwamba pamejaa. Kisha unachagua aina ya meza. Kuna meza ndefu ya kusimama isiyo na kiti, hiyo ndiyo rahisi, mtu ananunua kinywaji chake basi. Kuna meza yenye viti virefu. Na kuna separe, makochi ya pembeni, ambako mnatakiwa kununua chupa, na chupa ya pombe kali inaweza kufika euro 100 na kupita. Uliza kiwango cha chini cha matumizi kabla ya kukubali, wakuandikie. Meza hushikiliwa mpaka saa fulani tu. Ukichelewa anapewa mwingine.

Watu huanza kujaa baada ya saa sita usiku, na kilele ni kama saa nane. Kufunga ni saa kumi au kumi na moja alfajiri. Mavazi yanaangaliwa: mwanamume mwenye kaptura na ndala atageuziwa mlangoni na baunsa, na wanawake wa Belgrade huvaa kana kwamba wanakwenda harusini. Majira ya baridi klabu nyingi za mtoni hufungwa na sherehe huhamia kumbi za nchi kavu. Anayekwenda Januari akitafuta raha ya majini ataona barafu na taa zilizozimwa.

Je, inafaa kwa msafiri wa pekee? Kwa maoni yangu, hapana. Utasimama kwenye meza yako na glasi yako huku kila kundi limegeukiana. Waserbia ni wakarimu mno mezani kwao, lakini kwenye splav kila mtu ana meza yake.

Kafana: hapa ndipo pa kuanzia

Kafana ni mgahawa, baa na sebule kwa pamoja, vitambaa vya meza vya mirabaraba myekundu na myeupe, na muziki unaokufuata mpaka ulipokaa. Nyingine zimefunguliwa tangu asubuhi kwa wazee wa kahawa na gazeti. Muziki wa moja kwa moja huanza kama saa mbili au tatu usiku, na nyingi hunyamaza kufikia saa sita au saba. Yaani unaweza kula, kuimba na bado ukawa kitandani wakati wenzako ndio kwanza wanaagiza teksi ya kwenda mtoni.

Hesabu yake pia ni nyepesi. Bia ya nusu lita katika kafana ya kawaida ni kama dinari 250 hadi 400, na euro moja ni takriban dinari 117. Mnaanza na rakija, pombe kali ya matunda inayonywewa kwa vijiglasi. Ile ya plamu, šljivovica, utamaduni wake uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2022. Mkigonganisha glasi mnasema "Živeli!" na mnatazamana machoni, ukitazama pembeni utakosolewa kwa mzaha. Hainywewi kwa mkupuo, huo ni ushamba wa watalii. Pamoja nayo hufika sahani ya jibini, nyama iliyokaushwa na kajmak, ile malai nzito ya maziwa yenye chumvi kidogo, na baadaye vitu vya moto kutoka kwenye mkaa: ćevapi (vijiti vya nyama ya kusaga), pljeskavica (nyama ya kusaga iliyobapwa kama chapati), vipande vya nyama vya kila aina.

Kisha wapigaji husogea. Aghalabu ni akodiani, gitaa, fidla na besi ya kusimama. Wanaanza meza ya mbali, wanapima nani ana uso wa huzuni na nani ana uso wa pochi, halafu wanainama karibu kabisa na mtu mmoja na kumwimbia yeye peke yake. Mtu huyo akiguswa, hutoa noti na kuichomeka kwenye mikunjo ya akodiani au kwenye nyuzi za besi. Mtu wa Pwani aliyewahi kuona watu wakienda kumtunza mwimbaji wa taarabu ataelewa papo hapo, hata nusu ya sababu za kutoa: wimbo ule umemsema mtu aliyeko palepale ukumbini. Tofauti ni kwamba hapa wapigaji ndio wanaokufuata wewe. Ukiomba wimbo, lipa. Mimi ningeandaa noti za dinari 500 na 1,000 mapema. Kama hutaki, endelea kula bila kuinua macho, nao watapita bila kinyongo.

Kwa mgeni, jina linalotajwa kwanza ni Skadarlija, mtaa wa mawe wenye kafana za majina makubwa kama Tri šešira, iliyofunguliwa 1864, na Dva jelena. Bei za pale ziko juu kidogo na menyu zina lugha tano. Hilo wengine hulidharau. Mimi silidharau: kwa usiku wa kwanza, mahali ambapo mhudumu anakuelewa na muziki upo hata Jumanne pana thamani yake. Ila vaa viatu vya chini, mawe yale hayana huruma na visigino. Usiku wa pili tafuta kafana ya mtaani Dorćol, Vračar au Zemun, ambako menyu ni ya Kiserbia tupu na bili inapungua.

Kuna moja karibu na kanisa kuu ambayo kibao chake kina alama ya kuuliza tu: "?". Mwenyewe alitaka kuiita kwa jina la kanisa, wakubwa wa kanisa wakapinga, akaweka alama hiyo kwa muda mwaka 1892. Mpaka leo haijatolewa. Ni ya kukaa kimya zaidi, viti vifupi vya miguu mitatu, nzuri kwa wawili.

Ukishindwa kuamua kati ya hizi mbili, jiulize kama wenzako wanapenda kukaa au kusimama. Nimeona makundi yakigombana kwa jambo hilo tu.

Wasiopenda zote mbili

Belgrade ina usiku wa tatu, wa vijana wa sanaa na wanafunzi. Kitovu chake kwa miaka mingi kimekuwa yadi ya kiwanda cha zamani cha bia cha BIP, mtaa wa Cetinjska namba 15: mchana ni maegesho ya magari, usiku ni baa zilizobanana kwenye magodauni. Hakuna anayetazama viatu vyako. Baa za namna hii hufunguka na kufa haraka, kwa hiyo waulize vijana wa hosteli yako ipi inachemka wiki hiyo. Na kwa wapenda techno nzito, majumba ya machinjio ya zamani ndiyo yaliyogeuzwa kumbi. Huko usifike kabla ya saa nane usiku.

Novi Sad au Niš?

Novi Sad iko kaskazini, kama kilomita 90 kutoka Belgrade. Tangu 2022 kuna treni ya kasi ya kilomita 200 kwa saa, na mabasi ni mengi. Unaweza kwenda kwa jioni moja, lakini angalia ratiba ya kurudi kabla hujaagiza glasi ya kwanza.

Starehe ya Novi Sad inatembelewa kwa miguu. Mtaa wa Laze Telečkog ni mfupi, baa ziko bega kwa bega, meza zimemwagika nje, unasikia nyimbo tatu kwa mpigo na unaingia unakotaka bila kuweka nafasi. Wanafunzi ni wengi, bei ni za kuvumilika, na mpweke hapati shida ya kupata wa kuzungumza naye. Jioni ya kiangazi watu hushinda Štrand, ufukwe wa Danube, kisha huvuka daraja kwenda ngome ya Petrovaradin kutazama mji ukiwaka taa. Saa ya mnara wa ngome ile ina mshale mrefu wa saa na mfupi wa dakika, ili mabaharia wa mtoni waione kwa mbali, na imewapoteza watalii wengi wa jioni. Muziki wa mezani wa huku ni wa tambura, nyuzi laini, si fujo ya kusini. Unaupata vizuri kwenye čarda, migahawa ya ukingoni mwa mto inayopika mchuzi wa samaki wenye pilipili tamu nyekundu.

Onyo moja. Tamasha la Exit, lililoanza mwaka 2000 kama harakati ya wanafunzi dhidi ya Milošević, mtawala wa wakati huo, na kuhamia ngomeni mwaka uliofuata, ndilo lililompa Novi Sad jina duniani. Waandaaji walitangaza kwamba toleo la Julai 2025 lingekuwa la mwisho kufanyika Serbia, wakilalamikia shinikizo baada ya kuwaunga mkono wanafunzi walioandamana. Maandamano hayo yalitokana na kuporomoka kwa paa la stesheni ya treni ya Novi Sad tarehe 1 Novemba 2024, lililoua watu 16. Makala nyingi za utalii bado zinakuambia upange safari yako kwa ajili ya Exit. Usinunue tiketi ya ndege kwa makala hizo. Na ukikuta barabara imefungwa jioni na umati umesimama kimya au unapiga firimbi, sasa unajua ni nini.

Niš iko kusini, kilomita zaidi ya 200 kutoka Belgrade. Bei zinashuka, sahani zinakua. Jioni huanzia Kazandžijsko sokače, kichochoro cha mafundi wa vyombo vya shaba wa enzi za Waturuki, leo ni mikahawa na kafana mtupu. Mwezi Agosti ngome ya mji huwa na tamasha la jazi la Nišville. Nje ya Agosti, Niš ni mji wa kula zaidi kuliko wa kukesha, na kwa nyama ya mkaa nafikiri inaipita Belgrade. Kwa klabu, haiifikii.

Kama safari yako ni Agosti na una moyo wa fujo, kuna Guča, kijiji cha magharibi kinachofanya mashindano ya tarumbeta tangu 1961. Bendi za shaba zinapuliza barabarani usiku na mchana, noti zinabandikwa kwenye paji la nyuso za wapulizaji, na nguruwe wanazungushwa motoni kila kona. Malazi ni ya shida na usingizi hakuna. Unaenda ukijua.

Kwa asiyekunywa, na kwa asiyekula nguruwe

Hili huachwa nje ya orodha za starehe, wakati kwa wasomaji wengi wa Kiswahili ndilo la kwanza. Ćevapi na pljeskavica za Belgrade mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe. Uliza kila mara; "bez svinjetine" maana yake bila nguruwe. Salama zaidi ni samaki, na ukingo wa Zemun una migahawa yake ya kutosha. Kunywa limau ya kukamuliwa au maji ya madini yenye gesi, hakuna atakayekushangaa. Msikiti wa Bajrakli, uliojengwa karne ya 16 na ndio pekee wa zamani uliobaki ukitumika Belgrade, uko Dorćol, mwendo mfupi kutoka Skadarlija.

Ukitaka mji mzima unaoishi hivyo, nenda Novi Pazar, kusini-magharibi, ambako Waislamu ndio wengi. Jioni familia nzima hutoka kutembea barabara kuu, vijana wanapita na kurudi wakitazamana, na watu wamekaa kwenye ćevapi za ng'ombe na mantije, vibonge vya unga na nyama, wakishushia mtindi. Ni mbali na Belgrade, basi linapita milimani kwa saa kadhaa. Hiyo si safari ya jioni moja.

Lakini hata Belgrade ina jioni kavu nzuri sana. Jumba la Tamthilia la Kitaifa lililoko Uwanja wa Jamhuri, taasisi ya tangu 1868, lina opera na baleti, na ukumbi wa Kolarac una muziki wa klasiki kwa bei ambayo jijini London ungelipia programu ya karatasi tu. Opera haihitaji kujua Kiserbia. Kuanzia Oktoba mpaka machipuko kuna mpira wa kikapu wa EuroLeague, Partizan na Crvena zvezda, kwenye Belgrade Arena inayobeba watu zaidi ya 18,000, na kelele za mle ndani zinashinda splav yoyote. Ukienda, usivae rangi kwa kubahatisha: nyekundu na nyeupe ni Zvezda, nyeusi na nyeupe ni Partizan. Siku timu hizi zinapokutana, kwa mpira wowote ule, ningekaa mbali na baa za karibu na uwanja.

Na bila senti moja: panda ngome ya Kalemegdan jua likizama. Mwanamume wa shaba aliye uchi pale juu ni Pobednik, kazi ya mchongaji Ivan Meštrović, iliyosimamishwa 1928. Alikusudiwa katikati ya mji, watu wakalalamikia uchi wake, akapelekwa huko ukingoni akitazama mitoni. Chini yake unaona splav zikiwashwa moja moja, na unaweza kuamua kama utashuka au la.

Moshi, viza, na kurudi nyumbani

Serbia bado wanavuta sigara ndani, kwenye kafana, baa na klabu. Kwa mwenye pumu au mjamzito, hili linaamua kila kitu: nenda kiangazi, kaa bustanini. Kwa wengine, koti lako litanuka mpaka urudi Dar.

Msafiri mweusi atatazamwa, hasa nje ya Belgrade. Mara nyingi ni udadisi, na huishia kwa mtu kuomba picha au kukununulia rakija. Mlangoni mwa klabu, jina lililoandikwa kwenye orodha hupunguza maneno.

Watanzania na Wakenya wanahitaji viza, ila mwenye viza hai ya Schengen, Uingereza au Marekani amekuwa akiruhusiwa kuingia kwa muda mfupi bila ya Serbia; thibitisha ubalozini kabla ya kulipa chochote. Warundi waliwahi kuingia bure kabisa, mpaka Serbia ilipoifuta ruhusa hiyo Oktoba 2022 kwa shinikizo la Umoja wa Ulaya. Ndugu anayekumbuka habari za zamani akikuambia "Serbia ni kuingia tu", mwambie zimepitwa. Walio Ghuba wana ndege ya moja kwa moja kutoka Dubai.

Madukani Belgrade pombe haiuzwi baada ya saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo wanaopanga kuanzia hotelini wanunue mapema. Mabasi na tramu za mji ni bure tangu Januari 2025, zikiwemo za usiku, ingawa za usiku hupita kwa nadra. Teksi halali ina namba inayoishia na TX. Agiza kwa programu ya simu, na ukiwa uwanja wa ndege chukua karatasi ya bei kwenye dawati la teksi ndani, usimfuate anayekunong'oneza mlangoni. Njaa ya saa tisa usiku dawa yake ni pljeskavica ya dirishani, na ya alfajiri ni burek ya jibini, andazi la matabaka membamba ya unga, pamoja na kikombe cha mtindi. Inauzwa kwa uzito, na robo kilo inamtosha mtu mmoja na nusu.